Mbiu ya Mgambo Isiwe Mali ya Kampuni

Tarehe 1 Januari 2025, wakati Watanzania walipokuwa wakipeana mikono ya mwaka mpya, simu nyingi za zamani duniani zilifungiwa huduma ya WhatsApp. Simu hizo hazikuanguka majini, wala betri zake hazikufa. Ziliendelea kuwaka, kupiga na kupokea kama siku iliyotangulia. Kilichobadilika ni uamuzi wa wenye huduma. Kampuni ya Meta ya Marekani, ambayo iliinunua WhatsApp mwaka 2014 ilipokuwa bado ikiitwa Facebook, ilikwisha kutangaza kwamba kuanzia siku hiyo haitazihudumia tena simu zenye mfumo wa Android toleo la 4, mfumo wa miaka ya 2011 hadi 2013. Mwezi Mei mwaka huo huo ikawa zamu ya baadhi ya simu za iPhone zilizozeeka.

Katika miji mikubwa habari hiyo ilipita kama upepo wa alfajiri. Mwenye uwezo alikwenda dukani akanunua simu nyingine. Lakini sisi wa Delta ya Rufiji na Wilaya ya Kibiti hatuna budi kulitazama jambo hili kwa makini zaidi. Huku kwetu, simu iliyokwisha kupita mikono miwili mitatu ndiyo simu janja ya mvuvi na ya mkulima wa mpunga. Naye mvuvi huyo, siku hizi, hutakiwa aipate sauti ya Serikali yake kwa njia ya simu hiyo hiyo.

Kampuni yenyewe haikukosa hoja. Mfumo uliozeeka hauna kinga ya kutosha dhidi ya wezi wa siri za watu, na kuendelea kuutengenezea huduma ni gharama. Mfanyabiashara anayo haki ya kufunga duka lake saa aitakayo. Swali letu ni jingine: je, ni insafu kuiweka mbiu ya mgambo ndani ya duka la mtu?

Wahenga walisema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Pembe ile ilikuwa mali ya mji mzima. Ilipolia, aliisikia tajiri na aliisikia maskini, aliisikia mwenye shuka mpya na mwenye shuka ya viraka, na hapana aliyeulizwa kwanza kama sikio lake ni la mwaka gani. Leo, mahali pengi, mbiu hiyo hupigwa ndani ya makundi ya WhatsApp. Mwito wa kikao, tarehe ya chanjo ya watoto, barua yenye mhuri iliyopigwa picha: vyote hupita humo. Maofisa huipenda njia hiyo kwa kuwa ni nyepesi na ya haraka, na kupenda wepesi si dhambi. Kosa huanza pale ofisi inapodhani kwamba, maadamu yenyewe imekwisha kutuma, basi wananchi nao wamekwisha kupata.

Na tuiangalie ardhi yenyewe. Kata za Salale, Mbuchi, Msala, Maparoni na Kiongoroni zimekatwakatwa na matawi ya mto na mikono ya bahari, katikati ya msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko mingine yote katika pwani ya nchi yetu. Mtu hasafiri humo kwa kuangalia saa. Husafiri kwa kuangalia maji. Yakipwa, mtumbwi hukaa juu ya tope mpaka yarudi. Mjumbe aliyekosa maji ya asubuhi amekwisha kuikosa siku. Ndiyo maana simu ilipofika huku ilipokewa kwa furaha kubwa: iliondoa safari za bure, ikamwezesha mvuvi kuuliza bei ya kamba kabla ya kupakia, ikamwezesha mama mjamzito kumwita mwenye mashua usiku. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, fedha nazo husafiri bila kungoja bamvua. Atakayesema kwamba simu haina faida visiwani, huyo hajapata kukwama matopeni.

Kwa hiyo safu hii haina ugomvi na simu, wala na maendeleo. Tunachokipinga ni njia ya wote kuwekwa chini ya hiari ya mmoja. Hebu tulifikirie Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, likaondoa adha ya kungoja kivuko cha Mto Rufiji. Lau siku moja tungeambiwa kwamba kuanzia kesho daraja hilo halipokei gari lililoundwa kabla ya mwaka 2014, nchi nzima ingesimama kuuliza ni nani aliyetoa amri hiyo na kwa idhini ya nani. Njia ya habari nayo ni daraja. Tofauti ni kwamba ikifungwa, wasiopita hawaonekani wamesimama barabarani, na kwa sababu hawaonekani, hawahesabiwi.

Wala tusiseme kwamba jambo lenyewe ni la kupashana salamu tu. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yaliwakumba wananchi wa Wilaya za Rufiji na Kibiti. Maji yakaingia katika mashamba na katika nyumba, na wengi wakalazimika kuhama. Kabla matope hayajakauka, Kimbunga Hidaya kikaikaribia pwani yetu na kufika tarehe 4 Mei 2024. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwisha kutoa tahadhari siku chache kabla. Vyombo vya baharini baina ya Dar es Salaam na Unguja vilisimamishwa, na barabara ya kwenda Lindi ikakatwa na maji huko Somanga. Tahadhari ilikuwepo. Lakini tahadhari iliyopo Dar es Salaam na tahadhari iliyopo masikioni mwa mtu aliyelala katika dago la uvuvi ni vitu viwili mbali mbali. Baina yake ipo minara, ipo betri, ipo bando, na sasa upo pia uamuzi wa kampuni iliyo ng'ambo ya bahari mbili kuhusu simu ipi ihudumiwe na ipi iachwe.

Mwezi huo huo tulipata funzo jingine. Tarehe 12 Mei 2024, siku nane tu baada ya kimbunga, nyaya mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota katika Tanzania na nchi jirani. Makundi yote ya WhatsApp, ya viongozi na ya wasio viongozi, yalilegea kwa pamoja. Lau waya huo ungekatika wiki moja mapema, mbiu ya kimbunga ingelia kwa nani?

Ifahamike pia kwamba majina yaliyoandikwa juu ya vibanda vya vocha hayadumu. Celtel ilikuja kuwa Zain, na mwaka 2010 ikawa Airtel. Tigo, iliyouzwa na Millicom kwa kampuni ya Axian yenye asili ya Madagascar, mwezi Novemba 2024 ilibadilishwa jina ikawa Yas. Halotel, iliyoanza mwaka 2015, ni ya Wavietnamu. Vodacom ina mizizi Afrika Kusini. Hatusemi haya kwa kuwachukia wageni. Wengi wao wamejenga minara mahali ambapo pasingejengwa. Nayo Serikali yetu haiko nje ya uwanja: TTCL ni mali ya umma, na katika Airtel Tanzania hisa za Serikali zilipandishwa kufikia asilimia 49 mwaka 2019. Tunasema tu kwamba mwenye mali huja na huenda, ilhali mtu wa Mbwera yupo, na wajukuu wake watakuwepo.

Nchi hii ilikwisha kuonyesha zamani namna ya kukitumia chombo kwa faida ya wengi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, Radio Tanzania ilitangaza vipindi vya afya, na watu wapatao milioni mbili wakakusanyika katika vikundi kusikiliza, kujadiliana na kisha kuchimba vyoo. Redio moja ilitosha watu wengi. Haikudaiwa kwamba kila mtu awe na yake ndipo apate elimu. Tofauti na leo ni kubwa: chombo cha leo kina uwezo maradufu, lakini kimeundwa kwa ajili ya mtu mmoja mmoja, na kila mmoja hulipia njia yake peke yake.

Hesabu nazo zisitudanganye. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Mwishoni mwa mwaka 2024 laini za simu nchini zilizidi milioni 80. Asiyetafakari atasema kwamba kila Mtanzania anayo simu na nyingine ya akiba. Kweli yenyewe ni kwamba watu wengi wana laini mbili au tatu, hasa palipo na mtandao mmoja unaoshika barazani na mwingine unaoshika bandarini. Na simu janja bado ni sehemu ndogo kuliko kitochi. Kitochi hicho kina sifa yake: hukaa na moto siku kadhaa, jambo lenye thamani katika vijiji vinavyotegemea umeme wa jua. Ni jambo la kutafakari kwamba Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, ambalo mitambo yake yote tisa ilikamilika mwaka 2025, limejengwa juu ya mto huu huu unaomwaga maji yake mlangoni kwetu, na bado chini yake yupo mtu anayelipa kuchajiwa simu.

Basi lifanyike nini? Kwanza, kila tangazo linalogusa uhai, mali au haki ya mwananchi lipitishwe katika njia isiyochagua simu. Ujumbe mfupi wa maneno hufika katika kitochi kama unavyofika katika simu ya bei kubwa, na hauhitaji bando. Huduma za Serikali zinazopatikana kwa kubonyeza *152*00# hufuata utaratibu huo huo. Aidha, upo ufundi unaouwezesha mnara wenyewe kutoa tangazo kwa simu zilizo katika eneo lake, bila kujua namba ya mtu hata mmoja. Japani imeutumia kwa tahadhari za matetemeko tangu mwaka 2007. Mamlaka ya Mawasiliano na kampuni zenye leseni ziupime kwa ajili ya pwani yetu, na lugha ya tangazo iwe Kiswahili kifupi kinachoeleweka na nahodha.

Pili, minara. Mwezi Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Hiyo ni kazi njema, na inastahili kupongezwa. Lakini kata ya delta haifanani na kata ya bara. Mnara mmoja waweza kuitosha kata ya nchi kavu, ilhali kata ya visiwa ina kijiji ng'ambo hii na kijiji ng'ambo ile, na mikoko katikati. Wapimaji wasihesabu kata tu. Wahesabu vitongoji na madago, na wapime wakiwa ndani ya mtumbwi.

Tatu, ofisi isihesabu kwamba imearifu mpaka ipate jibu. Mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, mwalimu, mganga wa zahanati na imamu wa msikiti wawekwe katika orodha moja ya kupigiwa, si ya kutumiwa tu. Palipo na redio, iwashwe. Palipo na kipaza sauti, kitumike. WhatsApp ibaki kuwa msaidizi; isipewe kiti cha mwenye nyumba.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Anayenunua simu iliyokwisha kutumika aulize toleo la mfumo wake kabla ya kutoa fedha, kwani rangi ya kioo haitamwambia. Abonyeze *#06# aipate namba ya utambulisho wa simu, kisha aitume 15090 ajue kama ni halali. Hatujasahau jinsi simu bandia zilivyozimwa nchini mwezi Juni 2016. Tena, tusiifanye simu kuwa kisima cha uvumi. Habari ya kimbunga ambayo haikutoka kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa isisambazwe kwa kuwa tu ina picha ya kutisha. Mbiu ikilia bure mara tatu, ya nne hapana atakayeinuka.

Watu wa delta si wageni wa ahadi za makampuni. Katika miaka ya 1990 waliletewa mradi mkubwa wa kufuga kamba, wakauhoji kwa ajili ya mikoko na riziki zao, na mradi ule haukusimama. Busara ile ile inatakiwa sasa. Tuipokee simu, tuitumie, tuifaidi, lakini tujue wapi mamlaka ya mwenye kampuni yanakoma na wapi dhamana ya Serikali inaanza. Taarifa ya hatari ni amana. Amana haipangishwi kwa mtu anayeweza kubadilisha kufuli wakati wowote bila kutuuliza.

Msimu wa vimbunga baharini haungoji mtu anunue simu mpya. Pembe na irudishwe mikononi mwa mji, ili itakapolia, mtu wa Kiongoroni aisikie saa ile ile anapoisikia mtu wa Kibiti mjini.