Unasihi wa Watoto Waliofiwa Katika Mteremko wa Kilimanjaro

Kirua Vunjo, katika mteremko wa Mlima Kilimanjaro, ni nchi ya vihamba. Kihamba ni shamba la migomba na kahawa lenye nyumba ya familia ndani yake, na kwa desturi ya Wachagga wafu wa nyumba hiyo huzikwa humo humo. Kwa hiyo mtoto aliyefiwa na mama yake hahitaji safari ili kulifikia kaburi. Hulipita asubuhi aendapo shule, na hulipita tena jioni arudipo na mzigo wa majani ya ng'ombe.

Jambo hili ni muhimu katika elimu ya tiba ya nafsi, ingawa halimo katika vitabu vingi vya elimu hiyo vilivyoandikwa Ulaya na Marekani. Ili umuhimu wake ueleweke, yafaa kwanza kueleza kiwewe ni nini.

Mtu anapokabiliwa na hatari kubwa, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala hutoa ishara ya hatari. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, pumzi hukatika, misuli hukaza. Hayo yote ni kinga ya mwili, na hatari ikiisha hali hurudi kama ilivyokuwa. Lakini tukio likiwa zito mno, kama vile kumwona mzazi akifa polepole kitandani, huweza kutokea kwamba kumbukumbu yake haipangwi katika ubongo kama kumbukumbu nyingine. Hubaki vipande vipande: harufu ya dawa, sauti ya kikohozi, rangi ya shuka. Kipande kimoja kikiguswa, mwili hushtuka kana kwamba tukio linatendeka sasa hivi. Mtoto huota ndoto mbaya, hushtuka kwa kelele ndogo, huyakimbia mambo yanayomkumbusha msiba, na darasani macho yake huwa ubaoni hali fikra ziko mbali. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliiingiza hali hiyo katika orodha rasmi ya maradhi. Waalimu, kwa upande wao, wameiona siku zote, ila aghalabu wameiita utukutu au uvivu.

Kujiepusha na kikumbusho huleta nafuu ya muda mfupi, lakini huzuia tiba, kwa sababu ubongo haupati nafasi ya kujifunza kwamba kikumbusho chenyewe hakidhuru. Na hapo ndipo kihamba kinapoingia katika habari hii. Mtoto wa mjini ambaye mzazi wake amezikwa katika makaburi ya mbali anaweza kujiepusha kwa miezi mingi. Wa Kirua Vunjo hawezi, kwani kikumbusho kiko mlangoni. Alichoweza kufanyiwa kwa kawaida ni kunyamaziwa. Watu wazima wengi, na si Uchagani tu, huamini kwamba kumtajia mtoto marehemu ni kumtonesha kidonda. Humwambia asilie, ajikaze, sasa yeye ni mkubwa. Wanenayo hayo hunena kwa mapenzi. Lakini kaburi lionekanalo kila siku na lisilosemwa kamwe ni mzigo ambao mtoto huubeba peke yake.

Katika miongo ya UKIMWI mizigo ya namna hiyo ilikuwa mingi. Mwaka 1990 wanawake wa Moshi waliunda kikundi cha KIWAKKUKI, yaani Kikundi cha Wanawake Kilimanjaro Kupambana na UKIMWI, ambacho pamoja na kazi zake nyingine kilishughulikia mayatima. Baadaye watafiti wa vyuo vikuu vya Duke na Washington vya Marekani walishirikiana na wenyeji wa Moshi kujaribu tiba moja ya watoto wenye kiwewe, iliyobuniwa na Judith Cohen, Anthony Mannarino na Esther Deblinger. Tiba hiyo humfundisha mtoto kwanza kutuliza mwili, kisha kuzitaja hisia zake, kisha kulisimulia tukio kidogo kidogo mpaka vipande vilivyotawanyika viwe hadithi yenye mwanzo na mwisho. Hadithi iliyo na mwisho haiutishi mwili kama kipande kisicho na mwisho.

Moshi haikuwa na wanasaikolojia wa kutosha kwa kazi hiyo. Basi wanasihi walichaguliwa miongoni mwa watu wa kawaida wasiokuwa na mafunzo yoyote ya tiba ya akili, wakafundishwa na kusimamiwa kwa karibu. Watoto walikutana katika vikundi mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki 12, na walezi wao walikuwa na vikao vyao. Lakini sehemu ya kusimulia kifo chenyewe ilifanywa faraghani, mtoto na mnasihi wawili tu, ili mtoto asiyaone mambo ya nyumba yao yakianikwa mbele ya wenzake.

Mnasihi wa nyumbani hujua mambo ambayo mgeni hawezi kuyajua. Anajua kwamba hawezi kuzungumza na mtoto kabla ya kukaa na bibi au baba mdogo na kueleza shabaha yake, kwani mlezi asiporidhika mtoto hatafungua kinywa. Anajua pia kwamba neno yatima lina uchungu. Mtoto mwenye baba mkubwa na baba mdogo huambiwa kwamba bado ana baba, na kwa taratibu za ukoo ni kweli. Kumwambia kwamba hana baba ni kumtoa katika ukoo wake. Kumkataza kumlilia aliyemzaa ni kumnyima haki yake. Mnasihi hupita katikati ya mambo hayo mawili kwa uangalifu.

Kisha kuna lugha. Kiswahili kina utajiri wa maneno ya msiba: huzuni, majonzi, simanzi, jitimai. Lakini mtoto wa miaka minane wa Kirua Vunjo aghalabu aliusikia msiba wake kwa Kichagga, na Kiswahili kwake ni lugha ya darasani. Mara nyingi hatasema kwamba ana hofu; atasema kifua kinambana au tumbo linamuuma. Mnasihi mwenye busara haharakishi kumsahihisha, kwani mwili ni mlango mzuri wa kuingilia.

Kipo kipengele kingine kinachostahili kutazamwa kwa makini, nacho ni hatia. Watoto wengi waliofiwa huamini kwa siri kwamba wao ndio walioleta kifo: walikataa kwenda kuchota maji, au walisinzia usiku ule. Wachagga wana jani la isale, ambalo mkosaji humpelekea aliyemkosea ili kuomba radhi, na ni vigumu kumkatalia aliyekuja nalo. Desturi hiyo ni nzuri kwa walio hai. Mtoto anayejishtaki mbele ya marehemu hana wa kumpelekea jani. Katika tiba hii hupewa njia nyingine: kwa mfano, humwandikia marehemu barua, akataja anachokikosa, na hata yale ambayo hayakosi, kwa maana si kila mzazi alikuwa mpole.

Lazima isemwe pia kwamba si kila hofu ni kiwewe. Mtoto anayeogopa kwamba ndugu watakitwaa kihamba cha marehemu baba yake huenda anaogopa jambo la kweli, na mazoezi ya kuvuta pumzi hayawezi kulinda mpaka wa shamba. Hapo kazi ya kwanza ni usalama, yaani wazee wa ukoo, ofisi ya kata au baraza. Simulizi itafuata.

Je, tiba hiyo ilifaa? Jaribio la kwanza la Moshi, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014, lilihusu watoto 64. Hali yao ilikuwa njema zaidi mwisho wa tiba na hata baada ya miezi 12. Lakini halikuwa na kundi la kulinganisha, na wakati peke yake pia huponya. Kwa hiyo likafuata jaribio kubwa lililoanza mwaka 2013: watoto 640 wa miaka 7 hadi 13, wa mjini na wa mashambani, katika Moshi na katika Bungoma ya Kenya. Kwa kura, 320 walipata tiba na 320 walipata huduma za kawaida za mayatima. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020. Tiba ilipokwisha, waliotibiwa walikuwa wamepata nafuu kubwa zaidi katika sehemu tatu kati ya nne. Sehemu iliyobaki ilikuwa Moshi mjini. Mwaka mmoja baadaye, huko Bungoma tofauti ilikuwa ingali kubwa. Kwa upande wa Tanzania, watoto wasiotibiwa walikuwa wamewafikia wenzao, mjini na mashambani vilevile.

Matokeo hayo ndiyo yenye fundisho kubwa kwa mwanafunzi wa sayansi. Laiti jaribio lingefanywa Bungoma peke yake, ingesemwa kwamba tiba ni ya lazima kila mahali. Laiti lingefanywa Moshi peke yake, ingesemwa kwamba haina haja. Inadhaniwa kwamba maisha ya watoto wa Bungoma yalikuwa magumu zaidi, kwa njaa na umaskini, hata jeraha lisiweze kupona lenyewe. Huenda pia katika mteremko wa Kilimanjaro lipo jambo linaloponya polepole bila mnasihi, kama vile ukoo ulio karibu au bibi asiyechoka. Hilo bado ni dhana. Na hata likithibitishwa, kupona mwezi wa tatu na kupona baada ya mwaka mzima si sawa kwa mtoto ambaye mwaka huo huo anafanya mtihani.

Huko Bungoma kazi iliendelea, na waalimu wa shule pamoja na wahudumu wa afya wa kujitolea wamefunzwa kuongoza vikundi hivyo. Mwalimu asiyefunzwa hapaswi kumchimbua mwanafunzi kwa maswali juu ya kifo, kwani simulizi iliyofunguliwa na kuachwa katikati huweza kudhuru. Anachoweza kufanya ni kuiona tofauti kati ya utukutu na mshtuko, kumwita mlezi kwa heshima, na hali ikizidi kumpeleka mtoto hospitali. Kwa wakazi wa Kirua Vunjo hospitali ya rufaa iliyo karibu ni KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971.