Mvua ikinyesha, mbwa wako yu hali gani?

Msimu wa mvua ndefu ukiingia, wakaaji wa mijini huwa na mashaka yao ya kawaida. Paa linavuja, matope yamejaa mlangoni na nauli ya matatu imepanda pindi wingu lilipotanda. Katika pilkapilka hizo, mbwa aliyefungwa nyuma ya nyumba hakumbukwi na mtu, isipokuwa usiku anapobweka na kumkatizia mwenyewe usingizi. Paka naye ndiyo kabisa. Yeye hudhaniwa kwamba anajua kujitunza.

Mwaka jana, katikati ya Aprili, nilimpeleka mbwa wetu Simba kwa daktari wa wanyama ambaye zahanati yake iko karibu na kituo cha matatu mtaani kwetu. Nilikuta benchi limejaa. Kulikuwa na mzee aliyepakata paka ndani ya kikapu, vijana wawili na kilebu aliyefunikwa shuka, na mama mmoja ambaye hakuwa na mnyama wowote. Alikuwa amemshika mkono mwanawe, mvulana wa Gredi ya Nne, aliyekuwa akichechemea.

Mtoto huyo alikuwa ameumwa na mbwa kwenye shavu la mguu. Mama hakujua pa kuanzia, basi akawaza kwamba daktari wa mbwa ndiye ajuaye habari za mbwa.

Daktari alimwuliza mambo matatu tu. Mbwa ni wa nani? Yuko wapi sasa? Kidonda kilioshwa kwa nini? Majibu yalitutisha sote tuliokuwa pale. Mbwa alikuwa wa kurandaranda, aliyejibanza chini ya ngazi za fleti akikimbia mvua, na watoto wakawa wanampelekea vipande vya chapati. Hakuna aliyejua alikotokomea. Kidonda hakikuoshwa, kilipakwa dawa ya meno. Isitoshe, siku nne zilikuwa zimepita, kwa sababu mtoto alikuwa ameonywa kwamba akionekana akicheza na mbwa angechapwa, naye akaona heri avae soksi ndefu na kunyamaza. Mama aligundua siku alipokuwa akimwogesha.

Daktari hakumgusa mtoto. Alimwandikia mama barua fupi na kumwambia aende hospitali saa ile ile, asipitie nyumbani. Baadaye nilisikia kwamba hospitali ya kwanza haikuwa na chanjo, wakaelekezwa kwingine, na huko wakaipata. Mvulana alidungwa sindano zote alizopangiwa na leo anaendelea na masomo yake. Lakini siku nne ni nyingi, na si kila mtoto huponea.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu likizo ya Aprili huangukia mvua. Watoto wako nyumbani siku kutwa, na mbwa wasio na mwenyewe nao hutafuta pakavu: chini ya ngazi, barazani mwa maduka, ndani ya magari mabovu. Ndipo wanapokutana.

Ugonjwa wa kichaa cha mbwa hauna msimu. Nchini Kenya ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa aliyepatikana viungani mwa Nairobi, na hadi leo haujatutoka. Mwaka 2014 serikali ilizindua mpango wa kuhakikisha kwamba ifikapo 2030 hakuna Mkenya anayekufa kutokana na maradhi haya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 59,000 hivi hufa kila mwaka ulimwenguni, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Watoto ndio huumia zaidi, maana kimo chao kinalingana na mdomo wa mbwa na wengi wao hawasemi wakiumwa.

Wengi wetu tunadhani mbwa mwenye kichaa ni yule anayetokwa povu na kumrukia kila apitaye. Kuna mwingine wa kuogopwa zaidi, naye ni yule aliyepoa. Hujificha gizani, taya limelegea, mate yanamtiririka, sauti imebadilika na chakula hakimezeki. Mwenye mbwa akimwona hivyo husema, "Amekwama mfupa kooni," kisha anatia mkono mdomoni autoe. Usithubutu kufanya hivyo. Mfungie mahali pamoja bila kumgusa na uite daktari wa mifugo.

Mtu akiumwa, au hata akiparuzwa kidogo, oshea kidonda chini ya mfereji kwa sabuni kwa muda wa dakika kumi na tano kamili. Tazama saa, kwa sababu dakika kumi na tano ni ndefu kuliko unavyofikiri, hasa mtoto akilia. Usipake majivu, mafuta ya taa, tumbaku wala dawa ya meno. Kisha nenda hospitali. Virusi hivi husafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na mara nyingi dalili huchukua wiki kadhaa au miezi kabla ya kutokea. Kwa hivyo hata aliyechelewa kama mvulana yule anastahili kwenda. Dalili zikishatokea, hakuna tiba. Kama mbwa anajulikana, msimwue kwa hasira. Afungiwe na kuchunguzwa kwa siku kumi chini ya uangalizi wa daktari wa mifugo, huku matibabu ya aliyeumwa yakiendelea.

Na tafadhali, mzazi, usimtishie mtoto kwa kiboko katika jambo hili. Mwambie kwamba akiumwa hatachapwa.

Sasa nirudi kwa Simba. Yeye hakuwa na kichaa. Alikuwa ameacha kula kwa siku mbili, macho yamefifia, na asubuhi ile niliona damu ikimdondoka puani. Nilidhani kapigwa jiwe na mtu. Daktari alifunua ufizi wake, ukawa mweupe kama karatasi, kisha akageuza sikio na kunionyesha kupe waliojipanga humo kama punje za maharagwe. Nilitamani ardhi inimeze. Mbwa huyo tunamwona kila siku, lakini ni nani kati yetu aliyewahi kumtazama ndani ya masikio?

Kupe wa mbwa hapa kwetu ni yule wa rangi ya kahawia. Joto likichanganyika na unyevu wa mvua huzaana kupita kiasi; jike mmoja aliyeshiba damu hutaga mayai kwa maelfu. Wala hawatagi juu ya mbwa. Huteremka na kupanda ukutani, wakajificha kwenye nyufa za kibanda, chini ya mikeka na nyuma ya fremu za milango. Ndiyo maana mtu humwogesha mbwa kwa dawa Jumamosi, na Jumamosi ifuatayo kupe wamerudi pale pale. Ameosha mbwa, hakuosha nyumba yake.

Kupe hawa ndio huambukiza maradhi yaliyomshika Simba, ambayo huharibu chembechembe za kugandisha damu. Kwa muda mrefu maradhi hayo yalijulikana vitabuni kwa jina la jiji letu, ugonjwa wa Nairobi wa kutokwa damu, sifa ambayo nadhani tungeweza kuishi bila kuwa nayo. Yana dawa, yakiwahiwa. Simba alimeza vidonge kwa wiki nne, asubuhi na jioni, tukimfichia ndani ya kipande cha utumbo, naye alipona. Kilebu wa wale vijana wawili hakupona.

Huyo alikuwa na pavo. Vijana walimnunua kando ya barabara, kwenye foleni ya magari, kwa mchuuzi aliyewahakikishia kwamba ameshachanjwa. Cheti hakikuwapo. Siku ya tatu akaanza kutapika na kuhara damu yenye harufu ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau. Virusi vya pavo huweza kukaa udongoni kwa miezi mingi, vikasambazwa na kila gambuti linalopita na tope. Kwa hivyo hata kilebu asiyetoka nje anaweza kuletewa maradhi kwenye soli ya kiatu chako. Sabuni ya kawaida haivimalizi. Dawa ya kung'arisha nguo kama Jik, ikichanganywa na maji, ndiyo ifaayo kwa sakafu. Chanjo huanza kilebu akiwa na wiki sita hadi nane, na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka atimize wiki kumi na sita. Ya kichaa hudungwa akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Na ikiwa kilebu wako amekufa kwa pavo, usilete mwingine wiki ijayo kuwatuliza watoto.

Sindano hiyo ya vilebu huwakinga pia na distempa. Anayeona kwamba hayo ni mambo ya mbwa wa matajiri na akumbuke mwaka 1994, wakati maradhi hayo yalipoua simba wapatao 1,000 huko Serengeti, yakavuka mpaka hadi Maasai Mara. Wataalamu waliwaelekezea kidole mbwa wa vijiji vilivyo kandokando ya mbuga.

Mvua huleta na mambo mengine ambayo hayahitaji sindano ila akili ya nyumbani tu. Wanaokaa Karen, Kabete, Limuru na kwingine kwenye miti mingi wanawajua siafu. Ardhi ikilowa, jeshi hilo hutoka, na mbwa aliyefungwa mnyororo au vilebu waliofungiwa ndani ya kibanda hawana pa kukimbilia. Usiku wa mvua usimfunge mbwa. Kibanda chenyewe kiinuliwe kwa matofali, bati lielekezwe mbali na upepo, na gunia la kulalia likaushwe. Kuna nzi ambaye hutaga kwenye nguo na matandiko yenye unyevu, na mabuu yake huingia ngozini mwa mbwa na mwa binadamu pia. Ndiyo sababu bibi zetu walisisitiza kupiga pasi nguo zilizoanikwa nje, hata za ndani.

Maji ya mafuriko nayo yasichezewe. Panya hukojoa humo, na mkojo wao hubeba vijidudu vinavyoharibu ini na figo za mbwa na za watu. Majirani zetu wa Tanzania waliyaona maradhi hayo mkoani Lindi mwaka 2022, wakayaita homa ya mgunda. Mbwa asiachwe anywe maji ya mtaroni.

Halafu kuna chakula. Msimu huu unga na mahindi hushika ukungu haraka, na katika nyumba nyingi unga ukioza husemwa, "Mpikie mbwa." Jamani! Sumu ya ukungu huo ndiyo iliyoua watu 125 katika maeneo ya Ukambani mwaka 2004, na mbwa huathirika nayo vibaya sana. Kisichofaa kwa mtu hakimfai mbwa. Ugali safi na omena au matumbo yaliyochemshwa vinamtosha, na mifupa ya kuku iliyopikwa iende kwenye pipa, kwa kuwa hupasuka vipande vyenye ncha vinavyotoboa utumbo.

Paka wa yule mzee alikuwa na mafua. Baridi ilipozidi, mzee alimwonea huruma akampa nusu ya kidonge cha Panadol. Mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo. Kidonge kimoja kinatosha kumwua. Alikuwa akihema kwa shida, ufizi umegeuka rangi ya kahawia. Daktari alifanya alichoweza, na mzee aliondoka na kikapu kitupu, akiuliza kama ingekuwa heri asingefanya lolote. Nilishindwa kumjibu. Vivyo hivyo, dawa ya kupe ya ng'ombe isitumiwe kwa paka, wala ile ya mbwa, hadi daktari akubali. Paka hujiramba mwili mzima, na unachompaka nje hukimeza.

Asiyeweza gharama za zahanati ya mtaani asikate tamaa. Ofisi za mifugo za kaunti huendesha kampeni za chanjo ya kichaa, mara nyingi bila malipo, hasa karibu na tarehe 28 Septemba ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Chuo Kikuu cha Nairobi kina hospitali ya wanyama wadogo katika bewa la Upper Kabete, na chama cha kutunza wanyama cha KSPCA kina kituo chake Lang'ata Road. Ukienda, beba kadi ya chanjo kama unayo, mfunge mbwa kamba wala si mnyororo mzito, na paka umtie ndani ya kikapu chenye kifuniko. Mwulize daktari pia kuhusu dawa ya minyoo, ambayo mbwa mzima hupewa kila baada ya miezi mitatu, na kuhusu kumhasi, ili mwakani vilebu wasizaliwe chini ya ngazi za fleti yenu.