Sigara Moja, Dozi Mbili

Kabla ya kuuanza mteremko wa Sekenke, wilayani Iramba, dereva wa lori na utingo wake wananunua sigara mojamoja, zote za pakiti ile ile. Je, wajua kwamba mmoja anaweza kuingiza mwilini nikotini mara mbili ya mwenzake?

Sigara ya kiwandani hubeba miligramu 10 hivi za nikotini au zaidi, lakini inayoingia damuni ni kama 1 hadi 2 tu. Kiwanda hakipangi kiasi hicho. Pafu ndilo linalopanga. Mwingine huvuta kidogokidogo na nusu ya moshi ikapotea hewani, mwingine huuvuta mpaka kifuani na kukinyonya kipisi hadi kikamuunguza kidole. Nikotini hufika ubongoni ndani ya sekunde 20 hivi, kwa hiyo mvutaji hujipimia dozi pafu kwa pafu bila kujijua. Sigara zilizonadiwa kuwa "laiti" ziliishia hapo: vitundu vya hewa kwenye kichungi viliipumbaza mashine ya maabara, lakini mvutaji aliviziba kwa vidole na midomo, akavuta kwa nguvu zaidi.

Ini nalo lina neno. Kimeng'enya chake kiitwacho CYP2A6 ndicho hasa kinachoivunja nikotini, na kasi yake hurithiwa. Kikiwa na mwendo kasi, arosto, yaani kiu ya nikotini, hubisha hodi mapema. Ndiyo maana ukitaka kujua nani ametekwa, usihesabu pakiti. Muulize huwasha ya kwanza dakika ngapi baada ya kuamka.

Na hofu ya mteremko? Mwaka 1977 Stanley Schachter wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, alidai kuwa msongo huongeza asidi kwenye mkojo, nikotini ikatoka nayo haraka. Siku hizi mkojo hupewa uzito mdogo kuliko ini na mazoea. Dereva aliyezoea kuwasha sigara Sekenke ataitamani afikapo Sekenke, na utulivu anaousifia, kwa sehemu kubwa, ni arosto iliyokatwa.

Huko Manyoni, kwenye mashamba ya tumbaku, nikotini haihitaji hata kiberiti. Anayechuma majani yenye umande anaweza kuipata kupitia ngozi, akashikwa na kizunguzungu na kutapika. Mwenzake mvutaji kwenye tuta la pili mara nyingi haumwi. Mwili wake umeshaizoea.