Picha za Nyanchwa: Mbona Sura ya Mathe Inatoka Giza?

Siku ya gradu (mimi yangu sikufikisha, lakini za mabeshte nimepiga), mmepanda Nyanchwa saa kumi, Kisii iko huko chini, jua liko nyuma ya mathe. Kucheki picha: anga nyeupe, sura giza tupu. Simu ilipima mwanga wa anga, ikamsahau mtu. Wasee hukimbilia Brightness. Zii! Hiyo hupandisha kila kitu, mathe anakaa amepakwa unga. Fungua Snapseed, ingia Tune Image, pandisha Shadows mos mos hadi macho yaonekane, kisha shusha Highlights. Ngozi ikigeuka jivu, umezidisha. Lakini anga ikishaungua ikawa nyeupe pe, mawingu hayarudi. Mgeuze aangalie jua, piga ingine kabla hajavua gauni lako.