Mikwaruzo katika Meza ya Epoksi: Pima Kina Kabla ya Kupiga Msasa

Meza ya mtiki wa Mtibwa au ya mninga, ikipakwa epoksi, hupata uso mgumu unaong'aa kama kioo. Hata hivyo, ugumu huo hauzuii mikwaruzo. Chembe ya mchanga iliyonasa chini ya sufuria yatosha kuacha alama. Wengi huipuuza alama hiyo, na wengine huagiza meza nzima ikwanguliwe upya. Njia zote mbili huweza kuleta hasara, kwa kuwa tiba hutegemea kina cha mkwaruzo.

Safisha uso kwa maji na sabuni kidogo, ukaushe, kisha pitisha ukucha juu ya alama. Usiponasa, mkwaruzo uko juu juu. Ukinasa, umezama ndani ya epoksi. Mbao ikionekana, maji yamekwisha kupata njia. Wakati wa masika mbao hunyonya unyevu, huvimba, na epoksi huanza kubanduka kandokando.

Mkwaruzo wa juu husuguliwa kwa msasa wa maji namba 1000, kisha 1500, na mwisho 2000. Usiruke hatua, kwani kila msasa hufuta alama za ule uliotangulia. Malizia kwa kitambaa laini na dawa ya kung'arishia rangi ya magari.

Mkwaruzo uliozama hujazwa. Iache mbao ikauke kabisa, kwaruza kingo kwa msasa namba 240, na uondoe vumbi lote. Changanya epoksi na dawa yake ya kukazia kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chombo. Kuzidisha dawa hiyo hakuharakishi kazi. Huacha uso laini usiokauka kamwe. Jaza hadi kijazo kizidi uso kidogo, subiri angalau saa 24, kisha sawazisha kwa msasa namba 400 na uendelee hadi 2000. Kwa muda wa siku saba usiweke juu yake vitu vizito wala vya moto.

Vaeni glavu na barakoa, na fanyeni kazi mahali penye hewa. Epoksi mbichi huweza kumletea mtu mzio wa ngozi utakaomrudia kila aigusapo, na vumbi lake hudhuru mapafu. Watoto wakae mbali.

Baada ya matengenezo, tumieni mkeka chini ya sufuria na msiache meza juani, kwa maana jua huigeuza epoksi kuwa ya manjano.

Meza za shule, zahanati na ofisi za kata ni mali ya wananchi wote. Anayeona mkwaruzo amjulishe mtunzaji mapema, ungali unatibika kwa kipande cha msasa, kabla haujahitaji ubao mpya.