Mafua yameisha, kikohozi kimebaki: nani anaambukiza?

Ndani ya daladala, anayekohoa hutazamwa na gari zima. Dirisha linafunguliwa, mtandio unavutwa puani, jirani yake anajibana ukutani. Kiti cha nyuma yupo mwingine ambaye koo limeanza kumkereketa asubuhi ya leo. Hakohoi, anapiga soga, anapokea chenji kwa konda na kujifuta pua kwa kiganja kilekile. Kama kikohozi cha yule wa kwanza ni masalia ya mafua ya wiki mbili zilizopita, wa kukaa naye mbali ni huyu wa nyuma. Muda wa kuumwa na muda wa kuambukiza ni hesabu mbili, nasi tumezoea kupiga moja tukidhani tumepiga zote.

Virusi vya njia ya hewa vina haraka. Mwenye influenza huweza kuambukiza tangu siku moja kabla hajajisikia vibaya, huwa hatari zaidi siku 3 za kwanza za ugonjwa, na kwa kawaida huendelea hadi siku ya 5 au ya 7. Mafua ya kawaida nayo humwaga virusi vingi siku za mwanzo, pua inapochuruzika maji. Kwa UVIKO-19 ushahidi ni wa wazi zaidi: mwaka 2021 huko Uingereza, vijana 36 waliojitolea walidondoshewa virusi puani, na 18 wakaambukizwa. Virusi vilionekana kooni ndani ya siku 2 hivi na kufikia kilele karibu siku ya 5, tena bila kujali dalili za mtu ni kali au hafifu.

Kikohozi kina mwendo wake. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulikuta kwamba kikohozi cha maambukizi kama haya hudumu wastani wa siku 18, ilhali watu walioulizwa walitarajia siku 7 hadi 9. Sababu ni kwamba virusi huacha utando wa njia ya hewa umechubuka. Vinyweleo vya kusukuma makohozi huhitaji muda kuota upya, na mishipa ya fahamu ya hapo hubaki na wepesi wa kuchokozeka. Moshi wa jiko, vumbi, hata kicheko, vyatosha kumkohoza mtu ambaye hana tena kirusi cha kumpa mwenzake. Pengo hilo kati ya siku zinazotarajiwa na siku 18 ndilo linalojaza watu kwenye maduka ya dawa. Siku ya 9 mgonjwa amechoka, ananunua amoksilini, siku ya 15 anapata nafuu, na sifa zinakwenda kwa kidonge kisichoua virusi. Makamasi ya kijani nayo husingiziwa bakteria, kumbe rangi hiyo hutokana na kimeng'enya cha chembe nyeupe za damu zilizokuwa vitani.

Wapo watakaosema hesabu hii ni ya watu waliozoea kulipwa wakiwa wamelala nyumbani. Kibarua hawezi kukosa kazi kwa sababu ya koo kukereketa, na hoja hiyo ina uzito. Lakini barakoa ya siku 3 za mwanzo, dirisha wazi na kuacha kumbeba mtoto mchanga wa jirani havimpunguzii mtu ujira. Marekani kwenyewe, tangu Machi 2024, ushauri ni kurejea kazini baada ya saa 24 bila homa, pasipo dawa ya kuishusha, dalili zikiwa zinapungua. Kisha tahadhari ya siku 5. Watoto wadogo na wenye kinga dhaifu ni habari nyingine: baadhi yao huweza kuendelea kutoa virusi kwa wiki kadhaa.

Pingamizi zito zaidi ni kifua kikuu, nacho hakijali wastani wa mtu. Kusema kikohozi cha mafua hufika siku 18 hakufuti agizo la kupima kinapofika wiki mbili, maana kwa kusikiliza tu hakuna awezaye kuvitofautisha. Ukikohoa damu, ukipumua kwa shida, au homa ikiondoka kisha ikarudi, usisubiri hata hizo wiki mbili. Katika vituo vya serikali, kupima kifua kikuu na kutibiwa ni bure.