Kijana Aliyekimbia Bila Namba

Kwa sisi watu wa visiwani, mapumziko ya mwisho wa wiki ni jambo la wageni. Wao ndio wajao na mikoba yao, wakaoga bahari, wakala pweza wa Forodhani, kisha Jumatatu wakaondoka. Mtu wa Unguja au wa Pemba afungapo safari ya bara huwa ana sababu inayoeleweka: mkutano, matibabu, harusi au mazishi. Ndiyo maana tulipowaambia wenzetu barazani kwamba tunakwenda Shinyanga kukimbia kilomita 21 na kisha kurudi nyumbani, mzee mmoja aliweka chini kikombe chake cha kahawa akatuuliza ni nani hasa anayetukimbiza.

Tulicheka, tukaenda. Tulikuwa watu tisa wa kikundi kimoja cha mazoezi ya viungo, katika vile vikundi vinavyojaza barabara za mji wetu kila tarehe 1 Januari, siku ya mazoezi ya kitaifa Zanzibar. Walikuwamo walimu wawili, muuguzi, mafundi, wafanyabiashara wa sokoni, na sisi tunaoandika safu hii, ambao umri umekwisha kupita arobaini na goti la kushoto halipatani tena na ngazi.

Safari yenyewe ni nusu ya mapumziko, na twawashauri ndugu zetu wasiikate. Alhamisi tulivuka kwa boti ya asubuhi, mchana tukapanda treni ya umeme iliyoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na usiku ukatukuta Dodoma. Ijumaa ilikuwa siku ya basi: Singida na majabali yake, Nzega, halafu Tinde, mahali ambapo njia ya Kahama na Rwanda huachana na njia ya Shinyanga na Mwanza. Mmoja wetu, ambaye alikuwa hajapita Morogoro maishani mwake, aliuliza mara tatu kama bado tumo Tanzania.

Tulitazamia kuona jangwa. Tulipokuwa wanafunzi, Shinyanga ilitajwa kwetu kama mfano wa ardhi iliyochoka. Miti ilifyekwa tangu enzi za ukoloni ili kuwaangamiza mbung'o, ikafyekwa tena kwa ajili ya pamba na kuni, na kwato za ng'ombe zikamaliza kilichosalia. Mwalimu Nyerere aliutembelea mkoa huo mwaka 1984 akaliona tatizo kwa macho yake, na mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu waliuita HASHI. Busara ya mpango ule ni kwamba haukuja na elimu ya kigeni peke yake. Uliwarudisha Wasukuma kwenye ngitili, desturi yao wenyewe ya kulifunga eneo la malisho wakati wa mvua ili liwafae wakati wa kiangazi. Kutoka dirishani mwa basi tuliyaona maeneo hayo yaliyofungwa, yenye miti na majani, kando ya mengine yaliyo wazi na meupe kwa vumbi. Afisa yeyote anayetaka kujua tofauti baina ya kuamrisha na kushauriana na akapite njia ile.

Shinyanga ilitupokea kwa neno moja, mwadila, ambalo ndilo salamu yao ya jioni, na kwa sahani ya michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani. Mwenyeji wetu alituonya tusile vingi kabla ya mbio. Hatukumsikia, na tulijuta kuanzia kilomita ya nne.

Asubuhi ya Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, tulisimama mstarini pamoja na umati mkubwa: watumishi wa Serikali waliovaa fulana za idara zao, wafanyakazi wa migodi, wanafunzi, askari, mabibi wenye umri wa mama zetu. Nusu marathoni ni kilomita 21 na mita tisini na saba na nusu, na mita hizo za mwisho si za kudharau. Mji ule uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na pafu lililolelewa na upepo wa kaskazi na kusi huligundua jambo hilo mapema. Lakini njia ilikuwa tambarare, hewa kavu, na watu walikuwa wametoka majumbani. Mama mmoja alisimama mlangoni pake na ndoo na kikombe kimoja cha plastiki, akatugawia maji bila kuulizwa. Maji hayo yalitoka Ziwa Victoria, kwa bomba kubwa lililozinduliwa mwaka 2009 kwa ajili ya Kahama na Shinyanga. Kabla ya hapo, alituambia mwenyeji wetu, asingeyamwaga kwa wapita njia.

Njia ilikuwa ya kwenda na kurudi. Tulipofika kilomita ya sita, wale wa mbele walikuwa wamekwisha kugeuka na wanarudi. Walipita watatu pamoja, viatu vyao vikigusa lami kama vidole vinavyopiga meza. Nyuma yao kwa hatua kama hamsini alikuja kijana mwembamba, fulana ya mpira iliyopauka, miguuni amevaa yeboyebo za plastiki. Kifuani hakuwa na namba. Watu wa kando ya njia walimshangilia kuliko wale watatu, na sisi pia tulimpigia makofi, kisha tukaendelea na shida zetu.

Tulimaliza kwa saa 2 na dakika 51. Msomaji asicheke. Muda huo ulichukuliwa na kifaa kidogo kilichobandikwa nyuma ya namba yetu, ukachapwa pamoja na jina letu na nafasi yetu, ya 214, na tukavishwa medali.

Tulipotoka nje kutafuta kivuli tulimkuta yule kijana chini ya mwarobaini, nyuma ya ukuta, anakula karanga. Tukamsalimu, tukamwuliza amekuwa wa ngapi. Akasema hakuingia. Alikuwa ametoka usiku kwenye machimbo ya dhahabu ya upande wa Kahama, amepanda lori la mzigo. Kazi yake ni kubeba viroba vya mawe kutoka kwenye duara hadi kwenye karasha, ambako husagwa, na hulipwa kwa kiroba. Ada ya kushiriki, ambayo kwetu ilikuwa jambo la kubonyeza simu, kwake ilikuwa mapato ya siku nne. Basi akaanza mbio pamoja na watu, akidhani njia ni ya wote. Hatua chache kabla ya mstari wa mwisho msimamizi mmoja alimshika mkono akamtoa kando, kwa kuwa si mshiriki.

Hakulalamika. Tulimtazama tukangoja alalamike. Alituuliza jambo moja tu, akiitazama saa yetu ya mkononi: "Mzee, nimetumia muda gani?"

Hatukuweza kumjibu. Alipofika yeye pale, sisi tulikuwa bado mbali sana, tunapambana na michembe. Na hapakuwa na mtu mwingine aliyemwandika.

Katika riadha mtu ni muda wake. Huko Mexico mwaka 1968, John Stephen Akhwari wetu aliumia njiani, akaingia uwanjani kiza kimekwisha tanda na mshindi amekwisha kuvishwa medali zamani. Alikuwa wa 57, wa mwisho kabisa katika waliomaliza, na aliandikwa: saa 3, dakika 25, sekunde 27. Mwezi Septemba 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu alifika mstarini pamoja na Mjerumani Amanal Petros, wote wawili wakapewa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na ubingwa wa dunia ukaja Tanzania kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde moja. Taifa zima lilifurahia sehemu hizo tatu. Kijana huyu wa duara alikimbia zaidi ya saa nzima mbele ya macho ya mji mzima, na hakuna aliyempa hata dakika.

Sasa tuseme kosa letu. Mchana huo tuliitwa kwenye hema la wageni, kwa kuwa sisi ni watu wa Chama na tumetoka mbali. Tulikula pilau. Mgeni wa heshima alisema maneno mazuri juu ya vijana na vipaji vyao, tukapiga makofi. Waandaaji walikuwa hatua tano kutoka tulipoketi, na hatukufungua kinywa. Tulijiambia kwamba mgeni hana desturi ya kukosoa nyumba aliyokaribishwa. Usiku tuligundua kuwa hiyo haikuwa adabu, ilikuwa shibe. Maandishi haya yanalipa deni hilo, na yamechelewa.

Jumapili tulikwenda Geita, kwa kuwa si vyema kufika ukanda wa dhahabu na kurudi bila kuuona. Tulipita Usagara na kuvuka ziwa Kigongo kwenda Busisi juu ya daraja la kilomita tatu lililofunguliwa Juni 2025, mahali ambapo zamani magari yalipanga foleni kungoja kivuko. Wenzetu waliozaliwa kwenye maji walisimama kimya dirishani. Walikuwa hawajawahi kuvuka maji mengi kiasi kile bila chombo. Geita ni mkoa tangu mwaka 2012, na mgodi wake mkubwa unafanya kazi tangu mwaka 2000, lakini tulilopenda zaidi kuliona ni soko la dhahabu lililofunguliwa Machi 2019. Kabla ya soko hilo mchimbaji mdogo aliuza chembe zake kwa mnunuzi aliyekuja na mizani yake mwenyewe, na akapokea alichopewa. Sasa dhahabu hupimwa mbele ya mwenyewe na mbele ya Serikali, ikaandikwa gramu na senti zake.

Tulisimama pale tukamkumbuka kijana wa mwarobaini. Kiroba anachobeba kikitoa dhahabu, itapimwa kwa uangalifu mkubwa hadi sehemu ya gramu.

Wala tiba ya jambo hili si ghali. Afisa michezo wa mkoa anayetoa kibali cha kufunga barabara ya umma anaweza kuweka sharti kwamba sehemu ya namba itolewe bure kwa wakazi wa wilaya. Migodi nayo isitusikilize sisi, isikilize sheria: tangu marekebisho ya mwaka 2017, mwenye leseni huandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Kampuni ya mgodi wa Geita imekuwa ikiwapandisha watu Mlima Kilimanjaro tangu mwaka 2002 kwa ajili ya vita dhidi ya UKIMWI, kwa hiyo habari ya michezo si ngeni kwao. Saa ya kupimia vijana mia mbili si kitu mbele ya gharama ya hema lile la pilau.

Na maafisa wetu wa visiwani wasisome haya kama habari za bara. Kwetu pia zinakimbiwa mbio barabarani, zinazowaleta wageni wa hotelini na fulana zao mpya, ilhali watoto wa kijiji wamekaa juu ya ukuta wanatazama. Tumekwisha kuhesabu ni wangapi kati yao wanaopewa namba?

Jumatatu tulirudi kwa ndege kutoka Mwanza, kisha boti ya mchana. Bandarini Malindi mchukuzi mmoja aliiona medali ikining'inia kwenye begi letu. "Shekhe, ndiyo dhahabu ya Geita hiyo?" Tukamwambia ni bati lililopakwa rangi. Akaigonga kwa ukucha, akasadiki, kisha akauliza tulikuwa wa ngapi.

Wa mia mbili na kumi na nne, tukamjibu. Imeandikwa.